Pikipiki Iliyozima Bujonde

Makwale, 9 Februari 2025

Mwanangu Aliko,

Ugonile, baba. Sisi huku tumeamka, Kyala Mungu wetu anatutunza, ila goti langu la kushoto naona alilipita. Mama yako hajambo, nilimwona gulioni anabishana na muuza dagaa, kwa hiyo najua ni mzima. Mpunga umeshika vizuri. Kakao ile ya nyuma ya nyumba imeingiwa na weusi, nimeikata, nimelia kidogo, nimeacha.

Barua hii anaandika Nancy fundi cherehani, jirani yangu, maana mimi kalamu hata sijui inashikwa upande gani. Simu sitaki. Wewe mwenyewe ulisema shangazi akiongea na simu Makwale nzima inajua bei ya ndizi zake. Hili si la Makwale nzima. Barua atachukua dereva wa Kosta ya Tunduma. Ikichelewa kujibiwa nitajua ni wewe, si yeye, yeye namlisha.

Jambo lenyewe ni pikipiki yangu. Ile uliyoitengeneza Krismasi. Ukiivuta polepole inakwenda kama ng'ombe aliyeshiba, haina neno. Ila ukiivuta ghafla inakohoa, inameza pumzi, inazima. Dickson anayeiendesha anasema ni tabia yake tu. Nakuuliza wewe uliyeifungua: ni tabia, au kuna kitu kimekazwa? Na kama kimekazwa, kinalegezwa wapi? Usiniulize nani aliivuta ghafla.

Habari nyingine sikutaka kukuambia lakini utaisikia. Yule mzee wa Bujonde, mdogo wake baba yake marehemu mume wangu, jina lake mimi silitaji unajua, amevunjika mkono tangu Januari. Wazee wa kanisa wamemsimamisha kuhudumia meza ya Bwana. Wanasema alikunywa pombe ya kimpumu akaanguka. Miaka yote ile anabeba sinia la mkate, leo anakaa benchi la nyuma na bandeji kama mwizi. Mimi najua hakunywa.

Nancy anasema karatasi imeisha. Haijaisha, amechoka.

Ni mimi shangazi yako,
Anyosisye


Tunduma, 1 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Huku wote wazima, mke wangu anakusalimia, mtoto ameanza kutembea na anavunja kila kitu. Samahani kwa kuchelewa, malori yamejaa mpakani na gereji hatupumziki.

Kuhusu pikipiki, usijali. Mwambie Dickson asiivute ghafla, basi. Pikipiki ya kubeba abiria na magunia haina haja ya kurushwa kama ya mashindano. Akipandisha resi taratibu haitazima.

Habari za Babu wa Bujonde nilizisikia kwa mama. Anasema alijieleza mwenyewe kwamba aliteleza kwenye tuta la mpunga. Watu wakamjibu kwamba wiki ile jua lilikuwa kali na tuta lilikuwa kavu, mtu asiyelewa anatelezaje? Wewe umeandika unajua hakunywa. Umejuaje? Umekwenda kumwona?

Mwanao,
Aliko


Makwale, 20 Machi 2025

Mwanangu Aliko,

Ndaga fijo kwa barua, na kwa ile sukari aliyoleta dereva, ijapokuwa mfuko ulifika umefunguliwa na dereva ana meno mabovu. Mvua imeanza kweli. Mto umepanda, watu wa bondeni wamehamisha mbuzi. Nancy ameshona sare za kwaya, zote zimebana kwapani, wameimba mikono ikiwa chini.

Umeniuliza kama nimekwenda kumwona mzee. Wote wamekwenda. Mimi nilipeleka mchele na mkungu wa ndizi kwa mkono wa mama mkwe, mke wake. Ningekwendaje mimi? Wewe umekaa mjini umesahau. Tangu nilipoolewa pale, yule mzee kwangu ni baba mkwe, na hatujawahi kutazamana uso. Akija njia hii, mimi naacha njia, nachuchumaa nyuma ya migomba, kitenge kichwani mpaka apite. Ndiyo ukutila huko. Na yeye ana adabu yake: akikaribia kona anakohoa mara mbili tatu, nijue, nijifiche. Kanisani mimi nakaa nyuma ya nguzo. Mume wangu amekufa, nimezeeka, magoti yanalia nikichuchumaa, na bado nachuchumaa. Wasichana wa leo wanampa baba mkwe mkono na kupiga naye picha. Siwasemi. Mimi nilifundishwa hivi, na ni kitu pekee nilichofundishwa ambacho sikuwahi kukosea.

Hapo Nancy ameniangalia. Nimemwambia, endelea kuandika, mwanangu.

Hujanijibu. Nilikuuliza kitu kimekazwa wapi, wewe unaniambia Dickson aende polepole. Kuna siku mtu hawezi kwenda polepole. Nataka kujua kwa nini polepole inakubali na ghafla inakataa, wakati mafuta ni yale yale na pikipiki ni ile ile. Nieleze kama unavyomweleza mtu mzima asiyejua kusoma. Nataka nijue kosa ni la nani.

Jumapili mzee alikuja kanisani tena. Sinia alibeba Ezra, mzee mwenzake wa kanisa. Alibeba vibaya, mkate ulidondoka.

Shangazi yako,
Anyosisye


Tunduma, 14 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo, na pole na mafuriko. Tumeona kwenye simu za watu. Sisi hatujambo.

Nimeandika barua hii nikaichana, naandika tena.

Injini inakula hewa na mafuta kwa pamoja, vinachanganyikia kwenye kabureta. Ukivuta resi unafungua mlango. Hewa ni nyepesi, mlango ukifunguka ghafla inaruka ndani. Petroli ni nzito, inachelewa kidogo nyuma yake. Hapo katikati injini imepewa hewa tupu, ndiyo inakohoa. Kwa hiyo fundi anaacha mafuta yazidi kidogo, akiba ya hapo katikati. Ukienda polepole mafuta yanawahi, huwezi kugundua kama akiba ipo au haipo.

Yako haipo. Kwenye kabureta kuna sindano inayoruhusu mafuta. Mimi niliishusha ngazi moja, na skrubu ya ubavuni nikaongeza hewa. Unakumbuka kwa nini. Ulisema Dickson anamaliza mafuta, ulisema "Bana, Aliko, bana mpaka mwisho." Nilikuambia itakuwa nzito kuamka. Ulisema wewe si waziri, huna haraka.

Dickson nimempigia simu. Nilimuuliza pikipiki ilizima wapi. Alicheka kidogo, halafu akakata. Dickson si mtu wa kukata simu.

Shangazi, ilizima wapi?

Aliko


Makwale, 11 Mei 2025

Mwanangu Aliko,

Hatujambo. Mpunga unaiva, ndege wameshaanza, tunashinda tunapiga madebe. Mama yako ana mafua. Mbuzi wa Nancy amezaa. Nimefikiri kama kuna habari nyingine ya kutanguliza na sioni, nimezimaliza.

Ilizima Bujonde.

Nilikuwa nakwenda mjini kununua mbolea. Dickson akapita njia ya mkato, lile tuta refu katikati ya mpunga, huku maji, huku maji, hapana hata mgomba mmoja wa kujifichia. Tukafika katikati. Mbele naona shati jeupe na fimbo. Kumbe mzee alikuwa amekohoa, Dickson aliniambia baadaye kwamba alimwona amesimama anakohoa na kukohoa mpaka ameinama. Mimi nasikia nini, nimekalia injini. Nilipomwona tulikuwa tumeshakaribia, naona hata vifungo vya shati lake.

Kugeuza hapageuziki. Kushuka, nitashukia wapi? Nikajifunika kitenge uso mzima, nikampiga Dickson mgongoni, nikamwambia, "Vuta. Vuta tumpite." Nilifikiri tukipita upesi itakuwa kama hatukukutana.

Dickson akavuta kwa nguvu zake zote. Ikakohoa. Ikazima palepale, ubavuni mwa mzee, ikalala upande wa kushoto, na mimi nikaenda nayo mpaka ndani ya mpunga. Kitenge kimelowa kimenigandia usoni, sioni, napumua tope. Nikasikia mtu ameingia majini. Nikasikia mikono miwili inaniinua kwapani. Si ya Dickson. Dickson ana mikono laini, mvivu yule. Hii ilikuwa mikavu kama gome. Nikajua.

Aliko, mimi sikufikiri. Mwili wangu wote ulifundishwa kitu kimoja, na kikafanya kazi yake. Nilimsukuma. Nilimsukuma kama mtu anavyosukuma moto. Nikasikia ameangukia pikipiki, nikasikia mfupa. Unajua muwa mkavu unavyokatika.

Na mimi nikakimbia. Na goti hili. Nilikimbia katikati ya mpunga wa watu, kitenge kichwani, sikugeuka. Mzee wa watu ameingia kwenye maji kuniokoa, nimemvunja mkono, nimemwacha amekaa kwenye tope. Dickson ndiye aliyempeleka kwake. Mimi nilifika nyumbani nikaoga, nikapika. Niliivisha maharage siku ile, na nikala.

Jioni yule mzee akaulizwa, akasema ameteleza. Hakunitaja. Alisema hivyo ili watu wasijue kwamba nkamwana wake, mkwewe, alishikwa na mkono wake. Alinifunika. Na mimi niliposikia wanamwita mlevi, nilikaa kimya nikasema litapita. Halikupita. Nilipeleka mchele. Mchele, Aliko.

Mtu mwingine anayejua ni Dickson, nilimwambia akisema nampokonya pikipiki. Na sasa Nancy, anafuta macho hapa, karatasi inalowa.

Nilitaka uniambie ni kosa la pikipiki. Ndiyo sababu nilikuuliza. Nilitaka niende kwa wazee wa kanisa na jina la kitu kilichoharibika. Sasa umeniambia.

Anyosisye


Tunduma, 25 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma gereji, nikaenda kukaa nyuma ya lori.

Sikiliza. Nilipomaliza kubana ile kabureta niliijaribu ikiwa kwenye stendi yake, imesimama, haina abiria, haina mzigo. Iliunguruma vizuri nikasema tayari. Sikuipanda hata mpaka barabarani. Nilikuwa nawahi basi. Mteja akisema bana mpaka mwisho, fundi ndiye anayetakiwa kukataa, maana yeye ndiye anajua. Mimi nilijua, nikakubali kwa sababu ni wewe, na kwa sababu sikutaka kubishana siku ya Krismasi. Barua yako ya kwanza nilielewa mara moja, nikakujibu kuhusu Dickson. Naona aibu kuliandika hili.

Kwa hiyo nenda kwa wazee useme kosa ni la Aliko. Sema fundi aliharibu. Mimi niko mbali, haitaniuma. Ila nenda. Mimi siwezi kwenda badala yako.

Dickson nimemweleza sindano na skrubu zinavyorudishwa zilipokuwa. Amesema sasa haizimi.

Mwanao,
Aliko


Makwale, 29 Juni 2025

Mwanangu Aliko,

Ugonile tata. Mpunga tumevuna, wa kula upo na wa kugombania upo. Mtoto wako nasikia amevunja redio. Mwache, babu yake alikuwa hivyo, kisha akaacha, akawa anavunja viti.

Nilikwenda. Si kwa wazee chumbani, nilisema kama nimenyamaza mbele ya wote nitasema mbele ya wote. Jumapili baada ya matangazo nikatoka nyuma ya nguzo yangu. Mzee alikuwa amekaa benchi la nyuma upande wa wanaume. Kwa hiyo nikasimama, nikageukia ukuta, nikawapa watu ubavu.

Ezra akaniuliza, "Mama, mbona unaongea na ukuta?"

Nikasema, "Baba yupo."

Vijana wakacheka. Wamama hawakucheka.

Nikasema yote. Tuta, kitenge, kuvuta, kuzima. Nikasema alinishika kuniinua, na mimi ndiye niliyemsukuma, mkono nimeuvunja mimi, kimpumu hakikuwepo. Hapo hakuna aliyecheka. Sauti yangu hii unayoijua, Aliko, ilikuwa ndogo mpaka wakaniambia nirudie. Nikarudia. Kurudia ni kubaya kuliko kusema.

Ezra akataka kunisaidia, mtu mwema yule ingawa hajui kubeba sinia. Akasema basi kumbe ni ajali, fundi ndiye hakuitengeneza vizuri. Nilikuwa na barua yako hapa kifuani. Nikamwambia, "Fundi alinikanya. Niliyenyima mafuta ni mimi. Ukiinyima, ikishtuliwa haina cha kutoa." Akauliza kama hiyo inatosha kumvunja mtu mkono. Nikasema pikipiki ilinitupa tu, ya mkono nimeshasema.

Nilidhani mzee atafurahi. Alinyanyuka akatoka nje kabla ya baraka. Kesho yake akaja mama mkwe, amekasirika, hakukaa. Akasema mzee anauliza nani alinituma. Anasema ulevi angeuvumilia, watu husahau ulevi. Sasa kila anakopita wanasema ndiye yule aliyemkumbatia nkamwana wake kwenye mpunga. Nilimpa kuku, akamkataa, akamchukua.

Jumapili mbili hakuja. Nikakaa nyuma ya nguzo nikiona lile benchi tupu. Nancy alisema nimefanya vizuri. Mimi sikuona uzuri wake uko wapi. Nilimwaibisha mara ya kwanza kwa kunyamaza, mara ya pili kwa kusema.

Jana tulikuwa na meza ya Bwana, tuliifanya Jumamosi kwa ajili ya wageni. Kwaya tatu kutoka Njisi, nyuma kote kumejaa mpaka madirishani, nguzo yangu imekaliwa na mpiga ngoma. Nikasukumwa, nikasukumwa, mpaka benchi la mbele kabisa. Nikasema haidhuru, mzee hatakuja.

Alikuja. Wazee walikuwa wamemwendea nyumbani, walimbembeleza siku nzima. Ezra akampa sinia. Nilimtambua kwa viatu, maana nilikuwa nimeinama, ndivyo ninavyomjua, ni viatu na fimbo. Vikaja viatu, vikasimama mbele ya benchi letu. Ule mkono ulipona vibaya, umepinda karibu na kiganja, hauwezi kubeba. Sinia likaanza kuinama upande wangu. Mkate ukaanza kuteleza, polepole, na wote tunaona. Ezra yuko upande wa pili. Hakuna mtu wa karibu ila mimi.

Nilitazama sakafu, nikanyoosha mkono, nikalishika ule ukingo uliokuwa unashuka. Yeye hakuondoka. Sijui alikuwa anaangalia wapi, nadhani juu. Mkate ukarudi mahali pake. Tukalishika hivyo mpaka benchi zima likachukua, mmoja baada ya mwingine.

Sinia halikudondosha hata kipande, Aliko. Sijui ni kwa mkono wake au kwa wangu. Tulikuwa tumelishika wote wawili.

Nancy aifunge hapa. Msalimie mkeo.

Anyosisye, dada wa baba yako